Salfa iliyotoweka kwenye mafuta mazito: kisa cha sumaku ya tesla 7 na ya tesla 21

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya kemia ya chuo kimoja cha Amerika Kaskazini. Nimeondoa jina la chuo, la kampuni iliyotoa sampuli na la eneo yalikochimbwa mafuta. Watu nawataja kwa kazi zao tu. Nakiandika kwa sababu wengi wetu tunaofanya kazi na spektromita za tungamo, mashine zinazopima tungamo la molekuli, tunaifahamu sumaku kubwa kwa sifa moja, kwamba inatenganisha vilele (alama za molekuli kwenye grafu) vilivyokaribiana. Ina sifa nyingine isiyosemwa sana, na katika kisa hiki ndiyo iliyoamua mambo.

Usuli

Kundi lilikuwa linachunguza mafuta ghafi mazito yenye salfa nyingi. Mafuta yalikwisha kenekwa, na sampuli ziligawanywa kwa viwango vya kuchemka, kuanzia sehemu nyepesi hadi masalia mazito yanayobaki chini ya mnara. Swali lilikuwa: salfa imo katika molekuli za aina gani, na inagawanyikaje kadiri molekuli zinavyozidi kuwa nzito?

Si swali la vitabuni tu. Salfa ikiungua hutoa gesi ya dioksidi ya salfa, na tangu Januari 1, 2020 mafuta ya meli duniani kote hayaruhusiwi kuzidi asilimia 0.50 ya salfa, isipokuwa meli zenye mitambo ya kusafisha moshi. Kiwanda huondoa salfa kwa kutumia haidrojeni na kichocheo. Salfa iliyo kwenye mnyororo wazi hutoka upesi. Iliyofungwa ndani ya pete za dibenzothiofeni (molekuli ya pete tatu, salfa ikiwa kwenye ile ya katikati), hasa pakiwa na methili (kaboni moja na haidrojeni tatu) pande zote mbili za atomu ya salfa, ni sugu mno. Anayejua ni molekuli zipi zimo ndiye anayeweza kupanga jinsi ya kuzisafisha.

Mashine ya maabara ilikuwa ya aina iliyobuniwa mwaka 1974 na Melvin Comisarow na Alan Marshall, Chuo Kikuu cha British Columbia. Ioni, yaani molekuli zilizopewa chaji ya umeme, hunaswa ndani ya sumaku kali, kwenye ombwe, na kulazimika kuzunguka. Idadi ya mizunguko kwa sekunde hutegemea vitu viwili tu: ukali wa sumaku, na uwiano wa tungamo kwa chaji ambao tunauandika m/z. Ioni nyepesi huzunguka haraka, nzito polepole. Zikipita karibu na sahani za metali ndani ya mtego huacha ishara ndogo ya umeme, ishara hiyo inarekodiwa, kisha hesabu ya Fourier inaigeuza kuwa orodha ya masafa, na masafa kuwa tungamo. Katika sumaku ya tesla 7 iliyokuwapo hapo (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku), ioni ya m/z 700 huzunguka takriban mara 154,000 kwa sekunde. Katika tesla 21 ioni hiyohiyo huzunguka takriban mara 461,000.

Molekuli za mafuta haya haziionishwi vizuri kwa mnyunyizo wa umeme kwa sababu nyingi hazina ncha za chaji. Kwa hiyo walitumia mwanga wa urujuanimno, huku sampuli ikiwa imeyeyushwa kwenye tolueni. Njia hii hugusa pete zenye salfa vizuri, lakini ina gharama yake: molekuli moja inaweza kutoka kwa sura mbili, moja imepoteza elektroni tu na nyingine imepata haidrojeni ya ziada. Spektra, yaani grafu ya vilele vyote, ambayo tayari ina msongamano huzidi kujaa.

Dalili

Mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa akiendesha kazi hii alipanga fomula zote zenye atomu moja ya salfa kwenye grafu, tungamo chini na wingi pembeni. Kuanzia m/z 500 kwenda juu, salfa ilianza kupungua, na ilipokaribia 700 ilikuwa karibu kwisha. Mahali pake palijaa haidrokaboni tupu, molekuli za kaboni na haidrojeni pekee, zenye pete nyingi ajabu.

Grafu ilikuwa safi na ingeweza kuchapishwa. Lakini kipimo cha kawaida cha elementi, kile cha kuchoma sampuli na kupima salfa yote kwa pamoja, kilisema kinyume: kadiri sehemu ilivyokuwa nzito ndivyo salfa ilivyozidi. Kimoja kati ya vipimo viwili kilikuwa kinadanganya, na cha kuchoma hakina pa kujifichia, kwa sababu hakijali molekuli ina sura gani.

Msimamizi alimtuma mwanafunzi arudi kwenye hesabu ya tofauti ndogo, na jibu lilikuwa hapo. Atomu tatu za kaboni zina tungamo la 36.0000. Salfa moja na haidrojeni nne zina 36.0034. Ukibadilisha moja kwa nyingine ndani ya molekuli, tungamo linasogea kwa milidaltoni 3.4 tu (daltoni ni kipimo cha tungamo la atomu, na milidaltoni ni sehemu yake ya elfu). Dibenzothiofeni yenyewe, C12H8S, ina tungamo la 184.0347, na C15H4 ingekuwa na 184.0313. Kwa molekuli ndogo kama hiyo hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu C15H4 haipo kwenye mafuta. Ukifika m/z 700, pande zote mbili za tofauti hiyo zina molekuli za kweli, na zote zimo kwenye chupa.

Maabara ilikuwa ikirekodi ishara kwa sekunde moja na nusu. Kwa makadirio ya kawaida, uwezo wa kutenganisha (tungamo ukigawanya kwa upana wa kilele) ni kama nusu ya idadi ya mizunguko iliyorekodiwa. Kwenye m/z 700 hiyo ni kama 115,000, yaani kilele chenye upana wa milidaltoni 6. Vilele viwili vilivyoachana kwa 3.4 vinatoka kama kimoja. Kwenye m/z 500 upana ni milidaltoni 3 na kidogo, vinaanza kuachana. Salfa haikutoweka kwenye mafuta, ilitoweka kwenye mashine, na ilianza kutoweka palepale fizikia ilipotabiri.

Kosa hili si la kupoteza salfa peke yake. Anayesoma C3 mahali pa SH4 anaongeza vifungo au pete tano kwenye molekuli. Ndiyo maana zile haidrokaboni za juu zilionekana na pete nyingi kupita kiasi. Mhandisi akichukua data hiyo angeamini ana mafuta yenye pete nyingi na salfa kidogo, akapanga usafishaji wa mafuta mengine kabisa.

Waliyojaribu kwanza, hapohapo

Jibu la haraka lilikuwa kurekodi kwa muda mrefu zaidi. Kutenganisha 3.4 kwenye m/z 700 kunahitaji uwezo wa kama 206,000, sawa na sekunde 2.7 kwa tesla 7. Lakini palikuwa na jozi nyingine mbaya zaidi. Ile haidrojeni ya ziada inayoletwa na mwanga, ikilinganishwa na isotopu nzito ya kaboni, huacha pengo la milidaltoni 4.5. Toa 3.4 kutoka 4.5, unabaki na 1.1, na pengo hilo la 1.1 limo kwenye kila spektra ya mafuta yenye salfa yaliyoionishwa hivi. Kulitenganisha kwenye m/z 700 kunahitaji uwezo wa kama 636,000, na kwa tesla 7 hizo ni sekunde zaidi ya nane.

Ishara haikudumu sekunde nane. Ioni hugongana na chembe za gesi zilizobaki kwenye ombwe na kundi lao hutawanyika. Fundi wa mashine alipunguza gesi iliyokuwa ikiingia kutoka kwenye sehemu ya mbele, akaongeza muda wa kusubiri pampu kabla ya kila kipimo, akakagua mtego. Ishara ilirefuka, na jozi ya 3.4 ikaanza kuonekana.

Kisha wakaongeza idadi ya ioni ili vilele vidogo vitokeze juu ya kelele, na hapa ndipo penye fundisho kubwa la kisa hiki. Kwenye m/z 690 na kitu, vilele viwili vilivyokuwa vimeachana vikarudi kuwa kimoja. Havikurudi kuwa kilima kipana ambacho mtu angekitilia shaka. Kilikuwa kilele chembamba, kirefu, kizuri kuliko jirani zake wote. Programu ilikipa fomula bila kusita na kosa lililoripotiwa lilikuwa dogo.

Ioni nyingi zikiwa pamoja husukumana kwa chaji zao, na makundi mawili yenye masafa yaliyokaribiana sana hufungana, yakaanza kuzunguka kama kundi moja kwa masafa ya katikati. Mwendeshaji haoni onyo lolote. Fundi alifanya jaribio ambalo kila mtu mwenye mashine ya namna hii anapaswa kulijua kwa moyo: alipunguza ioni hadi nusu bila kugusa kitu kingine. Kilele kikagawanyika mbele ya macho yao. Akazirudisha, kikaungana. Akapunguza tena, kikagawanyika.

Walikuwa wamebanwa pande mbili. Ioni nyingi, vilele vinaungana. Ioni chache, vilele vidogo vinazama kwenye kelele. Kujumlisha vipimo vingi vya ioni chache husaidia, lakini kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo tu: vipimo mara nne zaidi kwa kelele nusu. Na katika saa hizo zote masafa huyumba kidogo, kiasi cha kufuta sehemu ya faida.

Uamuzi

Njia zilizokuwa mezani zilikuwa nne. Ya kwanza, kugawa spektra vipande vyembamba vya tungamo, kuingiza ioni za kipande kimoja kwa wakati, kisha kuunganisha. Ya pili, kununua sumaku ya tesla 12 au 15. Ya tatu, kuomba muda kwenye mashine ya tesla 21. Ya nne, kuchapisha chini ya m/z 500 tu na kunyamaza juu ya mengine.

Ya nne msimamizi aliikataa hapohapo, na naona alifanya haki. Sehemu nzito ndiyo iliyokuwa swali lenyewe.

Kununua kulikwama kwenye jengo kabla hata ya kufika kwenye fedha. Sumaku hizi ni koili za waya ulioingizwa ndani ya heliamu kimiminika, unaopitisha umeme bila ukinzani wowote. Hadi karibu na tesla 9 au 10 waya wa niobi na titani unatosha. Juu ya hapo unahitaji niobi na bati, aloi inayovunjika kama kigae na isiyosamehe makosa ya usukaji. Nje ya koili uga unaendelea, na mpaka wa militesla 0.5, ambao kwa desturi huwekwa ili wenye vifaa vya kusaidia moyo wasiuvuke, ungekata korido ya wanafunzi. Dari lilikuwa fupi kwa kuinulia mtungi wa heliamu. Na sumaku ikipoteza ubaridi wake ghafla, heliamu yote huwa gesi kwa muda mfupi na kufukuza oksijeni chumbani, kwa hiyo unahitaji bomba la kutolea nje ambalo jengo lile halikuwa nalo.

Marekani ina spektromita mbili za aina hii za tesla 21, moja katika maabara ya taifa ya sumaku huko Tallahassee, Florida, na nyingine huko Richland, jimbo la Washington. Zote mbili hupokea watafiti wa nje kwa maombi yanayopimwa kwa ubora wa swali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 kutoka Tallahassee yalionyesha uwezo wa zaidi ya 300,000 kwenye m/z 400 kwa ishara ya sekunde 0.76 tu. Kundi liliomba moja ya hizo mbili. Wakati wakisubiri, walifanya njia ya kwanza nyumbani, ile ya vipande, kwa sampuli mbili nzito. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya busara: usiende kwenye mashine ya watu na swali ambalo hujalinoa.

Vipande vilifanya kazi kiasi. Jozi ya 3.4 ilitengana hadi juu ya m/z 600, na salfa ikaanza kurejea. Jozi ya 1.1 haikutengana. Lakini ombi lao sasa lilikuwa na ushahidi wa kilele kinachoungana na kugawanyika, na ombi lenye ushahidi kama huo linajieleza lenyewe.

Matokeo

Kwenye tesla 21, kwa ishara ya sekunde tatu hivi, jozi ya 1.1 ilitengana kwenye m/z 700. Jozi ya 3.4 ilikuwa wazi kiasi kwamba nafasi kati ya vilele ilishuka hadi kwenye kelele. Mstari wa salfa haukupungua tena kadiri tungamo linavyopanda. Uliendelea, na pembeni yake zikatokea molekuli zenye salfa mbili ambazo tesla 7 haikuzionyesha kabisa katika eneo hilo. Zile haidrokaboni zenye pete za ajabu zilipungua sana. Data ya kuchoma na data ya ioni sasa zilisema jambo moja.

Uchambuzi

Wengi wakisikia tesla 7 kwenda 21 wanawaza mara tatu. Ni kweli kwa uwezo wa kutenganisha: kwa muda uleule wa kurekodi, ioni inazunguka mara tatu zaidi, kwa hiyo unatenganisha mara tatu zaidi. Au unapata utengano uleule kwa theluthi ya muda, jambo lenye thamani kubwa kwa anayeunganisha mashine na kromatografia (njia ya kutenganisha molekuli kabla ya kuzipima), kwani sampuli haimsubiri.

Lakini kama hilo lingekuwa ndilo faida yote, kundi lingeweza kulipata kwa kurekodi muda mrefu mara tatu nyumbani. Kilichowakwamisha nyumbani ni ioni kusukumana, na hapo sumaku inafanya kazi kwa mraba. Idadi ya ioni zinazoweza kushikwa kwenye mtego hupanda kwa mraba wa ukali wa uga: tesla mara tatu, ioni mara tisa. Tabia ya vilele kufungana nayo inapungua. Ndipo lile banio la pande mbili likalegea: waliweza kuwa na ioni za kutosha kuona vilele vidogo bila majirani wakubwa kuvimeza. Zile molekuli zenye salfa mbili zilitokea kwa sababu hii, wala si kwa sababu ya utengano peke yake. Mtu anayeandika ombi la sumaku kubwa akataja utengano tu anaiacha hoja yake yenye nguvu zaidi mlangoni.

Uamuzi mwingine uliofaa ni kukiamini kipimo duni. Kipimo cha kuchoma hakijui fomula hata moja, lakini kilikuwa huru na kosa la ioni. Spektra yenye maelfu ya fomula haina namna ya kujishuku yenyewe. Inahitaji shahidi wa nje.

Yaliyoshindikana nayo ni ya kusomwa kwa makini. Sampuli za kwanza zilizopelekwa zilikuwa zimekolea mno na zilikaa kwenye chupa zenye vifuniko vilivyoachia silikoni. Sumaku bora duniani huonyesha silikoni kwa ubora huohuo. Sehemu ya siku ya kwanza ilipotea kwa kuziyeyusha upya na kusafisha njia ya kuingilia.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Ishara ghafi ya umeme, kabla ya hesabu ya Fourier, ilikuwa imefutwa kwa sampuli za zamani ili kuokoa nafasi kwenye diski, ikabaki spektra iliyokwisha hesabiwa. Ipo njia ya kuchakata ishara ghafi kwa kurekebisha awamu za masafa, na inaweza kukaribia kuongeza utengano maradufu bila kununua hata skrubu. Walipoijaribu kwa sampuli mpya, sehemu kubwa ya jozi za 3.4 zilitengana kwa tesla 7 hiyohiyo. Kwa sampuli za zamani hapakuwa na cha kuchakata, na mafuta yenyewe yalikwisha. Hatua hii ingestahili kutangulia zote.

Tatu, sumaku haisemi lolote juu ya molekuli ambayo haikuionishwa. Sehemu ya asfalteni, molekuli nzito kabisa za mafuta, hujikusanya kwenye tolueni na haipandi hewani vizuri, hivyo haifiki kwenye mtego. Vilevile dibenzothiofeni mbili zenye fomula moja, methili zikiwa mahali tofauti, zina tungamo lilelile hadi tarakimu ya mwisho, hata uwe na tesla ngapi. Na usugu kwenye kichocheo unategemea hasa methili ziko wapi. Kwa hilo kundi lilihitaji kromatografia kabla ya spektromita.

Si kila kazi inahitaji safari hii. Orbitrap, aina nyingine ya spektromita ya tungamo, haina sumaku, na utengano wake unashuka kwa kipeuo cha pili cha m/z, wakati wa sumaku unashuka moja kwa moja kadiri m/z inavyopanda. Kwa molekuli za chini ya m/z 400 zisizo na msongamano wa salfa, ningemshauri mtu aitumie bila kusita. Palipo na salfa, tungamo la juu na vilele vidogo kando ya vikubwa, hapo ndipo tesla zinalipa.

Hali ya sasa

Maabara bado inatumia tesla 7. Kila sampuli nzito hupimwa mara mbili, kwa ioni kamili na kwa nusu, na kilele kinachobadilika mahali au umbo kati ya vipimo hivyo hakipewi fomula. Ishara ghafi zote zinahifadhiwa. Kinachopelekwa kwenye tesla 21 ni sehemu za juu ya m/z 600 tu, zikiwa zimetenganishwa kwanza kwa kromatografia, kwenye chupa za kioo zenye vifuniko visivyo na silikoni. Asfalteni zinazokataa kuionishwa bado zimo kwenye jokofu, na mwanafunzi mwingine ameanza kujaribu viyeyusho tofauti.